Rafu ya Kelele

Siku ya kwanza kazini niliambiwa nisiguse kitu chochote. Papa Ramazani, mtunza sahani za muziki wa redio yetu, alinionyesha kiti, akanipa kitambaa cheupe cha kufutia mikono, akaniambia nikae hapo mpaka jasho likauke. Nilikuwa nimetembea kwa miguu kutoka mtaa wa Mangobo hadi Makiso, katikati ya mji.

"Jasho iko na chumvi," alisema. "Chumvi inakula disque, hizi sahani. Ukauke kwanza, kisha tutaongea."

Nilikaa karibu saa nzima nikimwangalia akifanya kazi. Baadaye niliambiwa kwamba wasaidizi wawili walionitangulia waliondoka kabla jasho lao halijakauka.

Nayaandika haya kwa ajili yenu mnaofanya kazi katika redio za Kisangani leo, ninyi ambao muziki wenu wote umo ndani ya kipande cha plastiki kinachoning'inia kwenye funguo. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini, maana hapo hamna cha kujifunza. Nitawaeleza habari za rafu moja ya sahani, na kosa moja nililolifanya mbele ya mikrofoni, ambalo nusura limmalize mtu.

Nilichukuliwa kwa sababu moja tu: nilikuwa nimesoma Kiingereza chuoni. Redio ilikuwa na mamia ya sahani zenye maandishi ya Kiingereza na hakuna aliyejua zinasema nini. Nyingine ziliachwa na wafanyabiashara wa kigeni waliofunga maduka yao na kuondoka, nyingine zilitoka kwa mapadri. Papa Ramazani alikuwa mtu wa Maniema, Mwislamu asiyekosa swala, aliyejua Kifaransa cha kazi na Kiarabu cha madrasa. Kiingereza hakukijua hata kidogo, kwa hiyo sahani zote hizo alizipanga kwa masikio. Rafu moja aliiandika RUMBA, nyingine DINI. Muziki wa vinanda na fidla wa Ulaya aliuweka kwenye rafu iliyoandikwa KULALA. Na chini kabisa, karibu na ukuta, kulikuwa na rafu ndefu kuliko zote, yenye neno moja kwa chaki: KELELE.

Nilimuuliza kelele gani.

"Njo sababu nilikuitia," alisema. "Mimi nasikia kelele. Lakini kelele iko namna mingi. Wewe soma, uniambie."

Ulikuwa muziki wa rock, karibu rafu nzima. Nilimwambia neno hilo kwa Kiingereza maana yake ni jiwe, lakini pia ni kuyumba au kutikisika, na hapa nadhani ni kutikisika. Alifikiri kidogo, kisha akasema jiwe lingekuwa rahisi zaidi kuandika kwenye kadi.

Kabla ya kunifundisha kusikiliza alinifundisha kusafisha. Kisangani ina mvua, ina mto na ina msitu, na ukungu unapenda sahani kuliko msikilizaji yeyote. Tulichemsha maji, tukayaacha yapoe, tukatia tone moja la sabuni ya vyombo, kisha tukafuta kwa kufuata mistari ya sahani, kamwe si kwa kuikata. Sahani ilikaushwa ikiwa imesimama. Nyuma ya rafu tuliweka vifuko vya makaa ya kunyonya unyevu, tukavibadilisha kila mwezi. Sahani iliyopinda ilifanya sindano iruke, na dawa yake ilikuwa sarafu ya zamani iliyobandikwa juu ya kichwa cha sindano. Sarafu hiyo haikununua kitu tena mahali popote mjini. Hiyo ndiyo kazi pekee iliyobaki nayo.

Nilisoma majalada kwa mwaka mzima. Yale yaliyokuwa na maelezo nyuma niliyatafsiri kwenye kadi, na Papa Ramazani aliniuliza maswali kama hakimu. Hivyo ndivyo nilivyoijua habari yenyewe, vipande vipande. Watu weusi wa kusini mwa Amerika, wajukuu wa watumwa, waliimba mashambani na waliimba makanisani. Baadhi yao walihamia miji ya viwanda huko kaskazini, na kwa kuwa baa za huko zilikuwa na makelele, gitaa likachomekwa kwenye umeme ili lisikike. Nyimbo zikaongeza mwendo, mpigaji ngoma akapiga kwa nguvu pigo la pili na la nne. Wakati ule weupe na weusi hawakuketi pamoja, lakini mawimbi ya redio hayakujua kuketi kando, na vijana wa kizungu wakasikia. Vijana wa Uingereza nao wakazipata sahani zilizovuka bahari, wakaziiga, wakawauzia Wamarekani muziki wao wenyewe kana kwamba ni mpya. Mwishowe vijana wa Kinshasa walisikia. Makundi yao yaliacha matarumbeta, yakaweka ngoma kubwa za kizungu mbele na magitaa matatu, na vijana wakaanza kuruka jukwaani mahali ambapo wakubwa wao walisimama na kutabasamu.

"Donc imerudi," Papa Ramazani alisema nilipomsomea hayo.

"Nini imerudi?"

"Ilitoka huku na watumwa. Imerudi na umeme."

Sikuwa na uhakika kama ni rahisi kiasi hicho, na hata leo sina uhakika. Lakini niliiandika kwenye kadi.

Nilifika mbele ya mikrofoni kwa sababu ya malaria ya mtu mwingine. Mtangazaji wa Jumamosi alasiri alilazwa, na mkurugenzi akaniambia nijaze nusu saa kwa chochote. Nilichukua sahani nne kutoka rafu ya chini, nikasoma kadi zangu. Barua zikaja, na mkurugenzi, ambaye hakuupenda muziki huo, alizipenda barua. Kipindi kikaitwa *Nusu Saa ya Kelele*.

Nazikumbuka baadhi ya barua hizo. Dereva wa lori wa Bafwasende aliandika kwamba huo ndio muziki pekee anaoweza kuusikia juu ya injini yake. Mama muuza samaki wa Isangi aliuliza kwa nini wanaume hao wanalia kama watu walioibiwa pirogi, yaani mtumbwi. Nilimjibu hewani kwamba mara nyingi ndivyo ilivyo, isipokuwa pirogi ni mwanamke. Mjomba wangu wa Yanonge, mpiga ngoma ya kupeleka habari kama walivyo Walokele wengi wa rika lake, alinitumia ujumbe kwamba mpigaji ngoma wangu anasema neno moja tu na kulirudia.

Kati ya wasikilizaji wangu alikuwepo mwanafunzi wa chuo aitwaye Dieudonné. Kila mtu alimwita Dido. Alikuwa na miaka ishirini, mrefu, mpole, anayesoma hesabu, na alikuja kwenye chumba cha sahani kunakili kadi zangu kwa mkono. Yeye na wenzake watatu walikuwa na kundi. Siku moja aliniuliza jinsi gitaa la kwenye sahani linavyotoa ile sauti iliyochanika. Nilimsomea kwamba wa kwanza waliipata kwa bahati mbaya, spika ilipopasuka karatasi yake, na wengine wakapasua za kwao kwa makusudi. Jumatatu iliyofuata alirudi akiwa na furaha. Alikuwa amechana spika ya redio ya nyumbani kwa wembe.

"Na mama yako?" nilimuuliza.

"Mama anasema habari sasa inasomwa na mutu wa mafua."

Sasa nifike kwenye kosa. Jumamosi moja sahani ya mwisho ilikuwa na mkwaruzo, nikaitoa, zikabaki dakika sita tupu. Nilikuwa na kadi moja ambayo sikuwahi kuitumia. Ilieleza habari ya mpiga gitaa mmoja wa zamani, wa kule kusini mwa Amerika, ambaye alikuwa anapiga vibaya, akatoweka, akarudi anapiga kuliko wote. Watu wa kwao husimulia kwamba alikwenda kwenye njia panda, akamkuta shetani, shetani akalitengeneza gitaa lake na kuichukua roho yake kama malipo. Ni hekaya. Wanaoupenda muziki huo wote wanaijua, na karibu wote wanajua kuwa ni hekaya.

Mimi sikusema "watu husimulia". Niliona maneno hayo mawili yanapunguza utamu. Niliisema kama habari, kwa sauti ileile niliyotumia kusoma matangazo ya mvua na meli.

Nilipotoka studioni Papa Ramazani alikuwa amesimama mlangoni.

"Ile ya shetani, uliisoma wapi?"

"Nyuma ya jalada."

"Na mwenye kuandika jalada, alikuwa pale?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Wiki mbili baadaye, mchana wa soko, Dido na wenzake walisimama kwenye njia panda moja ya Mangobo na betri ya gari, amplifaya na magitaa mawili. Walitaka kutangaza tamasha lao. Watu walipokusanyika, Dido alitania kwamba wanamngoja mwalimu wao, yule aliyetajwa redioni. Wanafunzi walicheka. Wengine hawakucheka. Kisha akapiga gitaa, na wakati uleule toleka, yaani baiskeli ya kubeba abiria, ikashuka kwa kasi, ikaingia kwenye meza ya mama muuza ndizi za makemba, na mwendeshaji akavunjika mkono mbele ya watu wote. Kulikuwa na damu. Kabla jua halijazama Mangobo nzima ilijua kwamba shetani alikuwa amefika na kuchukua malipo ya kwanza.

Mimi nilikuwa nimehamia Makiso, karibu na redio, na sikulijua jambo hilo mpaka siku nne baadaye, mama yake Dido alipokuja redioni. Aliitwa Mama Ekila, mjane, mwembamba kama mwanawe. Aliongea polepole.

"Natafuta mama wa *Nusu Saa ya Kelele*."

"Ni mimi."

Aliniangalia kwa muda. Nilikuwa na miaka ishirini na sita.

"Kumbe wewe pia uko paka mutoto," alisema, yaani mtoto tu. "Nakuuliza kintu moja. Ulisema shetani alifundisha mutu gitaa. Ni kweli ao si kweli?"

"Si kweli, mama."

"Sasa juu ya nini ulisema?"

Kama mngeniuliza leo ningewaambia ukweli: kwa sababu dakika sita zilikuwa tupu.

Akaeleza. Baada ya ajali majirani walikuja mlangoni kwake. Aliogopa watamchoma mwanawe, akamkimbiza kanisani kwao, na mpaka hapo alifanya vizuri. Lakini pale walilivunja gitaa, wakamweka Dido kwenye chumba cha nyuma, wakaanza maombi ya kufunga. Yeye ndiye aliyefungishwa. Tangu siku hiyo alikuwa hajala.

"Pasteur anasema pepo ikisikia njaa itatoka," alisema Mama Ekila. "Mimi nakaa pale naangalia. Naona mwenye kutoka ni mutoto."

Tulikwenda naye mimi na Papa Ramazani. Kanisa lilikuwa jengo la mbao na mabati, na mchungaji, niliyezoea baadaye kumwita Pasteur Mathieu, alitupokea kwa adabu. Nilitegemea kumkuta mtu mkali, nikamkuta mwalimu wa zamani mwenye kola iliyopigwa pasi. Alikubali nimwone Dido. Kijana alikuwa amelala kwenye mkeka, midomo imepasuka, na aliponiona alijaribu kuketi kwa heshima, akashindwa. Watu wazima watatu walikuwa wakimwimbia. Nilitoka uani, mchungaji akanifuata.

"Pasteur," nilisema, "kile nilichosema redioni si kweli. Ni hadisi tu."

"Redio haisemi uongo," alijibu.

"Mara hii ilisema. Mwenye kusema ni mimi."

Alifikiri. "Bon. Hapa tuko watu wane. Ile siku ilisikia Kisangani nzima, mpaka Isangi. Nikimwachilia mutoto leo kwa neno lako la hapa uani, watu watamuua njiani. Uongo ulitoka kwa redio. Ukweli pia utoke kwa redio. Mimi nitakuja kuusikia kwa masikio yangu."

Nataka mlione hili vizuri, kwa sababu mimi lilinichukua miaka: mtu huyo alikuwa anakosea juu ya njaa, lakini juu ya redio alikuwa sawa. Nilimwomba kitu kimoja, maji. Alikubali maji.

Mkurugenzi wetu alikataa mara moja. "Redio ikikubali ilidanganya siku moja, watu watauliza ni siku ngapi zingine," alisema.

"Waulize," alisema Papa Ramazani. Kisha akaweka funguo za chumba cha sahani juu ya meza, taratibu. Hakuna mtu mwingine katika jengo lile aliyejua kitu kiko wapi. Mkurugenzi aliziangalia funguo, akaangalia saa, akanipa dakika kumi na mbili alasiri ileile, baada ya matangazo ya vifo. Wale waliofanya kazi nasi wanajua maana yake. Matangazo ya vifo hakuna nyumba isiyoyasikiliza.

Nilikuwa na muda wa saa tatu tu. Nilikwenda kwenye rafu ya KELELE, nikakumbuka sahani moja ambayo Papa Ramazani alikuwa akiihamisha mara kwa mara kati ya KELELE na DINI kwa sababu hakuweza kuamua. Yeye mwenyewe aliondoka bila kusema anakwenda wapi, akarudi na mtu mwenye mkono kwenye plasta, amebebwa nyuma ya toleka ya mwenzake. Aliitwa Bosco. Alikuwa ndiye aliyeanguka.

Tuliketi watatu studioni: mimi, Pasteur Mathieu na Bosco. Nilisema hivi, na kadi ninayo hata leo: "Karibu wiki tatu zilizopita niliwaambia habari ya shetani na gitaa kama kitu kilichotokea. Nilikuwa nimeisoma tu. Hakuna aliyeiona. Nilipaswa kuwaambia hivyo, sikuwaambia. Kosa ni langu, si la vijana walionisikiliza."

Kisha nikaweka sahani. Ni mama mmoja mweusi wa Amerika, mama wa kanisa, anaimba na gitaa la umeme, na gitaa lenyewe anapiga yeye. Linakwaruza, linaruka, linamjibu. Mchungaji aliinama mbele.

"Anasema nini?"

Nilimtafsiria kadiri alivyoimba. Anamwomba Mungu asimwache njiani.

"Huyu iko anaomba," alisema Pasteur Mathieu.

"Ndiyo. Na wale vijana wa rock waliokuja baadaye, wengi walijifunza gitaa kwa kumsikiliza mama huyu na wenzake. Muziki huu ulitoka mashambani, ulitoka baa, na ulitoka kanisani. Siwezi kuwaambia kwamba ulitoka kanisani peke yake. Huo ungekuwa uongo wa pili."

Wimbo ukaisha, sahani ikabaki inazunguka. Kimya redioni kinaogopesha, ninyi mnajua, nami nilifungua mdomo nikijaze. Nyuma ya kioo Papa Ramazani aliinua mkono, akanionyesha kiganja. Nikaufunga mdomo. Sijui zilikuwa sekunde ngapi.

Aliyekivunja kimya alikuwa Bosco, ambaye hakuna aliyemwuliza.

"Mimi naweza kusema? Watu wanasema shetani alinisukuma. Hakuna mutu alinisukuma. Nilikuwa naangalia gitaa. Na frein ya toleka yangu ilikufa, iko mwezi mbili. Nilikuwa nasimamisha na mguu. Ile siku mguu haikusaidia. Njo vile."

Nilimwona fundi wetu wa mitambo akificha uso kwenye mikono. Mchungaji hakucheka. Alivuta mikrofoni kwake, akasema jina la Dido, akasema jina la mama yake, akasema kijana huyo atakula leo na kwamba mtu yeyote atakayemgusa njiani atakuwa anamgusa yeye. Halafu akaongeza kwamba bado hapendi muziki huo. Nilimshukuru kwa yote mawili.

Dido alikula uji jioni ile. Siku chache baadaye mama yake alimpandisha kwenye boti ya Opala, kwa shangazi yake, na mwaka wake wa chuo ukapotea. Kundi lilikufa. Mimi nilisimamishwa miezi mitatu, na *Nusu Saa ya Kelele* iliporudi nilikuwa na desturi mpya. Kila habari niliitanguliza na moja ya maneno matatu: nimeona, nimesoma, au nimesikia. Ikikosekana yote matatu, kuna la nne, "sijui", na nawaambieni halijawahi kunipotezea msikilizaji. Mwaka uliofuata kanisa la Pasteur Mathieu lilinunua ngoma za kizungu na gitaa la umeme kwa ajili ya kwaya. Niliwasikia kutoka barabarani. Sikusema kitu.

Vita vilipofika mjini, kombora lilitoboa paa juu kabisa ya chumba cha sahani. Papa Ramazani na mimi tulihamisha rafu moja moja hadi kwenye ukumbi mkavu, tukiinama chini ya madirisha. Tulianza na rumba kwa sababu ndiyo watu wangeiulizia, tukamaliza na KELELE, na KULALA ilipata maji. Alistaafu muda mfupi baadaye, akarudi Maniema, akafia kwao akiwa mzee. Mimi nikawa mwenye funguo. Katika miaka yangu ya mwisho tulihamisha sauti zote kwenye kompyuta, sahani kwa sahani, na kazi hiyo ilinifaidisha: kwenye boksi ambalo hatukuwahi kulifungua nilikuta sahani za vijana wa miji ya shaba ya Zambia, majirani zetu, waliopiga rock kwa lugha zao na gitaa lililochanika hasa. Zilikuwa zimekaa pale miaka yote, na mimi nikiwaeleza watu habari za London.

Kuna jambo ambalo sikulifanya. Niliomba radhi kwa mji mzima, lakini kwa Dido mwenyewe sikuomba. Mwanzoni niliona aibu, kisha palikuwa na vita, kisha nikajiambia amesahau. Mtu akishika mikrofoni muda mrefu hufika mahali anadhani kila alichosema hewani kimemfikia kila mtu.

Nilipostaafu, mwaka huu, nilipanda boti hadi Isangi, kisha nyingine kuupanda mto Lomami hadi Opala. Niliuliza shuleni, maana nilisikia amekuwa mwalimu. Alikuwa mkuu wa shule ya sekondari, mwenye mvi kuliko mimi. Alinitambua kwa sauti kabla ya uso.

Tuliketi ofisini mwake. Sikuwa na kadi.

"Dido," nilisema, "nimekuja kukuomba radhi. Nilipaswa kuja zamani."

Alikaa kimya, nami safari hii sikufungua mdomo.

"Ile siku nilikusikia," alisema hatimaye. "Bamama ba kanisa walikuwa na redio kwa dirisha. Nilikuwa chini kwa mukeka, nasikia unasema kosa ni lako. Kisha ule wa toleka na frein yake. Nilitaka kucheka, nguvu haikuwa." Alizungusha kalamu mezani. "Uliomba muji radhi. Mimi nilikungojea."

"Najua."

"Nilikungojea miaka tano, Mama Béa. Kisha nikaacha, nikaoa."

"Pole sana, Dido."

"Nimepokea," alisema. Alisema hivyo tu, na nilimwamini.

Nilimuuliza kama alishika gitaa tena. Alisema hapana. Nilimuuliza kama wanafunzi wake wanajua kuwa aliwahi kulishika. Alisema hapana, kisha akainuka, akavaa koti, akaniambia kwamba darasa la sita, la mwisho wa sekondari, lina saa moja bila mwalimu, na kwamba angependa niijaze.

Walikuwa kama thelathini, wenye simu zenye nyimbo za Kinshasa na za Nijeria. Niliwaambia kazi niliyoifanya. Msichana wa mstari wa mbele aliinua mkono kabla sijaanza.

"Mama, hiyo rock, iko muziki ya nani? Ya wazungu?"

Nilimwambia swali lake ni zuri na kwamba sijui ya nani ni ya nani. Ninachojua ni ilipita wapi na wapi, na mahali nilipoona nitasema nimeona, mahali niliposoma nitasema nimesoma. Mlango ulilia nyuma. Mkuu wa shule aliingia, akakaa kwenye dawati la mwisho, ambalo magoti yake hayakuenea, akaazima karatasi moja ya daftari kwa jirani yake, akatoa kalamu.